Chapa ya Huka

Maji yalikuwa yamekimbilia chini tena. Sirad alikuwa ndani ya kisima tangu alfajiri, tope limemfika magotini, akikwangua maji kwa kopo na kujaza dumu lililokatwa mdomo. Likijaa alitikisa kamba, na huko juu mamake, Arbia, akavuta. Dumu lilifika nusu maji, nusu udongo. Arbia alilimwaga horini, ngamia wakasukumana, wawili wakaumana, na kabla hajageuka hori lilikuwa limekauka. Ulikuwa ukame wa mwaka wa tisini na sita, na upande wote wa Eldas mizoga ililala kando ya njia bila hata fisi wa kuitaka.

"Hooyo, wangapi bado?" Sirad aliuliza kutoka shimoni.

"Teka. Kuhesabu ni kazi yangu."

Ndipo gari likaja. Lilikuwa jeupe, limetoka Garissa, na lilikuwa na namba za serikali. Arbia hakujua kusoma, lakini zile herufi mbili za mbele alizijua kama alivyojua nyayo za simba. Aliziona kabla hajaona nani yumo ndani, na mikono yake ikaacha kuvuta.

Alishuka mtu wa makamo, kofia pana, msomi wa chuo kikuu cha Nairobi. Nyuma yake alishuka Noordin, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa palepale, aliyekodiwa kutafsiri.

"Eedo, salaam aleikum," Noordin alisema kwa Kisomali, akimwita shangazi kwa heshima. "Usiwe na wasiwasi. Huyu anatafuta mambo ya kale. Sanaa, lugha, mila. Hana ubaya."

"Wakifika, wote hawana ubaya," Arbia alisema. Hilo Noordin hakulitafsiri.

Msomi hakupoteza wakati na salamu nyingi. Alipiga magoti kwenye mwamba mweupe uliozunguka mdomo wa kisima, akatoa burashi ndogo, akaanza kupangusa vumbi. Katikati ya mifereji iliyochimbwa na kamba palitokea duara lenye mkia, na kando yake mistari miwili mifupi. Mtu mzima yule alichekelea peke yake.

Ni chapa. Mtoto yeyote wa kule angemwambia. Anayechimba kisima huchonga mdomoni mwake chapa ya ngamia wake, na kuanzia siku hiyo yeye na kizazi chake hunywesha kwanza, na wengine hunywesha kwa ruhusa yao. Karatasi haiulizwi. Duara lile lilichongwa na Huka, baba mkwe wa Arbia, kwa nondo na jiwe, na watu walioshuhudia bado walikuwa hai wakinywa chai.

"Muulize ni nani aliyechora," msomi alisema. "Kisima hiki ni cha nani?"

Arbia alilielewa swali hilo kwa Kiswahili kilekile, bila mkalimani. Aliwahi kulisikia. Mwaka wa operesheni ya kusaka bunduki, askari walisimama papo hapo wakauliza kisima ni cha nani, na mumewe Alio, ambaye hakuwa na adabu ya kuogopa, akatoka mbele akajibu: changu mimi, Alio mwana wa Huka, akataja na ukoo wake mpaka babu wa mwisho. Walimpandisha lori pamoja na wanaume wengine wa ukoo huo. Lori liliondoka na vumbi lake, na hakuna aliyerudi. Miaka mitano baadaye serikali hiyohiyo ilimsimamisha Arbia mbele ya meza, ikamtaka ataje babu zake ili apewe kadi ya kuthibitisha kuwa ni Mkenya. Mwanamke aliyepita hapo hahitaji kufundishwa mara ya tatu.

Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake, ili pasiwe na la kupotea njiani.

"Hii hapana ya mtu. Watu ya samani nachora. Madanle."

Msomi aliruka. Wamadanle! Wale watu warefu wa kwenye hadithi, ambao kule kila shimo lisilo na mwenyewe husemwa walilichimba wao, kisha wakahama, wakapotelea mbali. Alikuwa ametafuta kazi ya mikono yao nusu ya mkoa.

"Lakini mbona ngamia yule ana alama ileile shingoni?"

Arbia aligeuka. Ngamia alikuwa amesimama pale, anatafuna, na duara lenye mkia limemjaa shingo. "Tunaona ni nsuri," alisema. "Sisi nafuata tu."

Kicheko kilisikika kutoka kisimani, kikakatika ghafla.

Msomi akatoa kinasa sauti, akamwomba arudie. Arbia alirudia, na safari hii aliunenepesha: Wamadanle walikuwa warefu kama twiga, walichimba kwa kucha, watu wa siku hizi hawana lao pale isipokuwa maji. Alipoulizwa ngamia anawahesabu kwa lugha gani, yeye ambaye aliolewa katika nyumba ya Kiborana na kuhesabu kwa Kiborana mpaka leo, alisema Kisomali tu, lugha isije ikautaja ukoo. Kanda ikazunguka. Msomi alishukuru kwa moyo wote, akawaachia sukari na majani ya chai.

Sirad alipotoka shimoni, matope mpaka nywele, alikuwa bado anacheka. "Hooyo, kumbe babu alikuwa Madanle! Ndiyo maana mimi mrefu."

"Cheka," Arbia alisema. "Kisima tunacho." Na kweli alijiona mjanja siku hiyo. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuja na swali lake ikaondoka bila mtu wala kitu.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokataa tena, Diwani Abdiwahab alikuja. Alitoka Garissa na lori lenye seng'enge, mashine ya kuvuta maji na bango la bati lililopakwa rangi. Noordin alikuwa kwenye lori hilo, sasa msimamizi, kofia mpya kichwani.

"Nisomee," Arbia alimwambia.

Noordin alisoma bila kumtazama. "Kisima cha Kale cha Wamadanle. Urithi wa Taifa. Usiguse."

"Huka aliyechimba kisima hiki, wewe Noordin, humjui?"

"Eedo, mimi nina watoto."

Abdiwahab alikuja akitabasamu, kikoi safi, mswaki mdomoni. Alieleza kwa upole. Kitabu cha msomi kimewafikia wafadhili, wafadhili wamependa, kisima kisicho na mwenyewe ni mali ya umma, na umma umemwomba yeye aushikie.

"Kisima hiki ni cha Huka," Arbia alisema. "Baba yako alinywesha hapa kwa ruhusa yake. Alikaa chini akaomba."

"Baba yangu alinywesha kwenye kisima cha Madanle. Si wewe uliyesema, eedo?"

Mashine ilinguruma kuanzia asubuhi hadi magharibi, na malori ya matangi yakapanga foleni kwenda kuuza maji mjini. Ngamia walikatazwa kukaribia, kwamba miguu yao itaharibu michoro. Malori yalirudi kinyumenyume mpaka juu ya mwamba wenyewe, na tairi moja lilikuwa limeshaumega ukingo. Arbia alimwonyesha mlinzi. Mlinzi akamwambia asiguse.

Alikwenda kushtaki. Kikao kilifanyika katika ofisi ya chifu, chumba cha mabati kilichochemka, na aliyekisikiliza alikuwa mkuu wa tarafa, Bwana D.O., kijana wa kutoka milimani ambaye jasho lilimtoka bila kukoma na alitaka yaishe upesi. Wazee walikaa kwenye benchi. Miongoni mwao alikuwa Nunow, mzee wa ukoo wa jirani, ambaye enzi hizo alimshikia Huka nondo alipokuwa akichonga. Arbia alipomwona pale alishusha pumzi.

Abdiwahab hakusema mengi. Aliweka redio kaseti mezani, ndani yake kanda ya msomi, akabonyeza. Mlio wa kamba, mlio wa ngamia, kisha: "Hii hapana ya mtu. Watu ya samani nachora."

"Ni sauti ya nani?" D.O. aliuliza.

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi siku ile ulisema kweli, au ulidanganya?"

"Nadanganya."

"Na leo?"

Wazee walijikuna ndevu. Mmoja akakohoa.

"Mama, kwa nini umdanganye mtafiti wa serikali?"

"Naogoba."

"Unaogopa nani?"

"Nyinyi."

Askari aliyekuwa mlangoni alihamisha bunduki begani. Noordin alianza kusema kwamba huyu mama Kiswahili chake si kizuri, labda alimaanisha wageni kwa jumla, lakini D.O. alimkatiza kwa mkono. Alikuwa ameelewa vizuri sana.

"Serikali inaogopwa na mwenye hatia. Haya. Unasema mwamba una chapa ya ukoo wa mume wako. Huyo mume Yuko wapi?"

Arbia alitazama benchi. Kila mzee pale alikuwa na ndugu, au mwana, au shemeji aliyepanda lori lile. Hakuna aliyeinua uso. Mambo hayo yalisemwa nyumbani kwa sauti ya chini, na hata huko yalisemwa nusu.

"Mnajua yuko wapi," alisema kwa Kisomali.

"Anasema nini?"

"Anasema hayupo," Noordin alitafsiri.

"Amekufa? Cheti cha kifo kiko wapi?" D.O. alingoja. "Hakuna cheti. Basi kwenye rekodi mtu huyu hajafa. Kama kisima ni chake, aje adai mwenyewe."

Hasira ilimpanda Arbia mpaka macho yakaingia giza. Alitaka kuipindua meza ile, na redio yake. Alikaza vidole kwenye shuka, akasema, "Muulizeni mzee huyu, adeer Nunow. Yeye alikuwapo."

"Mzee, unaijua chapa hii?"

Nunow alivikazia macho viatu vyake. "Mimi ni mzee, Bwana D.O.," alisema. "Na mambo ya Madanle ni ya zamani sana."

Likaandikwa. Upande huu kitabu cha daktari wa chuo kikuu, upande ule mwanamke aliyekiri mwenyewe kuwa ni mwongo. D.O. alifunga kalamu, akaomba maji ya kunywa. Yaliletwa kwenye jagi, ya kutoka kisimani kwa Huka.

Nje, Nunow alimfuata akichechemea na fimbo yake.

"Binti yangu, lete ngamia kisimani kwangu. Hawatakufa nikiona."

"Ulimshikia nondo, adeer."

"Nilimshikia. Na leo ningesema, mimi nani angenishikia?" Alipangusa macho yaliyokuwa yakitoka maji, kwa uzee au kwa aibu, Arbia hakutaka kujua. "Sharti unalijua. Watu wangu hawawezi kumnywesha mtu wa nje, mwaka huu watauana. Njoo kama wetu."

Alilijua. Kule watu huita shegat: anayekosa mahali huingia chini ya ukoo wenye nguvu, akachukua chapa yao na babu zao, na kuanzia hapo ni mtoto wao. Husifiwa kuwa ni ukarimu, na wanaosifu ni wenye visima.

Safari ya kwenda kwa Nunow ilianza siku hiyohiyo. Hapakuwa na cha kungoja. Ndama mmoja alikwisha kulala na kukataa kuinuka. Njiani waliwasha moto wa mchana, wakapasha chuma. Sirad alikishika kichwa cha ngamia jike mkubwa na Arbia akapitisha chuma juu ya duara, mistari mitatu iliyokatana, chapa ya watu wa Nunow, mpaka duara likawa kidonda tu. Moshi wa manyoya uliwaingia kooni. Ngamia alilia kwa sauti ile yao inayofanana na ya mtu. Walifanya hivyo kwa kila mmoja.

Kisha walitembea, na kwenye kutembea Arbia alimfundisha bintiye majina ya babu wao wapya.

"Sirad Alio. Alio wa nani?"

"Wa Huka."

"Tena."

"Hooyo, baba alikataa kulificha hilo jina. Alilisema mbele ya bunduki."

"Na yuko wapi? Tena. Alio wa nani?"

Sirad alipiga jiwe teke, likaruka mbali. Mamake alitaja yale majina mwenyewe, babu za Nunow mmoja baada ya mwingine, akayarudia, akayarudia, haraka haraka, akigeuka kila mara kuona ngamia gani amebaki nyuma.

Waliwasili kisimani kwa Nunow watu wakiwa wengi na zamu zikigombaniwa. Mlinzi, kijana aitwaye Jarso, alisimama njiani na fimbo. Aliitazama chapa mbichi kwenye shingo ya ngamia wa kwanza, ikitoa majimaji, nzi wamejaa. Hakuuliza juu yake. Aliuliza kinachoulizwa kila mtu.

"Wewe ni nani, wa nani?"

Arbia aliyataja majina ya babu za Nunow yote bila kukwama, na babu wa babu juu yake. Jarso alimpisha. Kisha akaweka fimbo tena mbele ya Sirad, aliyekuwa amewashika ngamia waliobaki, wale dhaifu.

"Na wewe?"

Ngamia walikuwa wamekwisha kunusa maji. Walivuta, kamba ikamkata Sirad viganja, naye akaikaza palepale aliposimama, midomo imefumbwa, na nyuma yake watu wenye kiu wakaanza kupiga kelele kwamba ajibu au apishe.