Mwalimu Aliyepita Dirishani

Haya, nitegulie hiki: nimetoka Rangwe asubuhi bila miguu, saa nne niko Homa Bay, saa saba niko Migori, na kila nilipopumzika nimezaa mtoto mnene kuliko mimi. Mimi ni nani? Umeshindwa? Basi nipe mji. Sitaki Nairobi, ina makelele. Nipe Homa Bay yenye samaki wake. Nimekwenda, nimekula, nimelamba vidole. Mimi ni uvumi.

Uvumi ninaousema ulizaliwa Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na sita, kwenye chuo kikuu kidogo kilichokuwa kilimani, juu ya soko la Rangwe. Wanafunzi wawili waliokuwa wakianika nguo walimwona Zablon, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu wa kukohoa kwanza ndipo asalimu, akitoka dirishani kwenye nyumba ya Terry, matroni wa bweni la wasichana. Kifua wazi. Kiatu kimoja. Aliangukia maboga, akainuka, akatimua mbio hadi akamezwa na shamba la mahindi.

Sokoni Rangwe walisema alikuwa na msichana mmoja. Habari ilipofika Homa Bay, wasichana walikuwa watatu. Huko Migori, Abdullah mwenye duka la vitambaa aliambiwa na mteja kwamba ni pacha, tena mabinti wa chifu.

"Chifu gani?" akauliza Abdullah.

"Wewe pima kitambaa," mteja akamjibu.

Jumatatu wanafunzi wakagoma kula, isipokuwa chai na mandazi. Wakashika matawi, kiongozi wao Caleb mbele, wakazunguka chuo wakiimba, "Zablon aende!" Metrine, mama aliyekuwa akipiga taipu ofisini, akachungulia.

"Caleb, mwanangu, kwani amefanya nini?"

"Hatujajua yote, mama. Lakini aende kwanza, tutajua baadaye."

Alhamisi Daktari Osoro, mkuu wa chuo, akamwekea Metrine karatasi mezani. Ilikuwa barua ya kumfukuza Zablon kazi. Metrine akaisoma mara mbili.

"Daktari, si kikao cha kumsikiliza ni kesho?"

"Ndiyo. Kwa hivyo harakisha."

"Na akijitetea?"

"Atajitetea, nani atamziba mdomo? Atajitetea vizuri, halafu tutampa barua yake." Akaongeza karatasi nyingine. "Na hii ndiyo taarifa ya kikao."

Kikao cha kesho kilikuwa kimeshaandikwa chote kwa mkono wa Daktari, mpaka pale kilipofungwa kwa maombi saa tano na robo.

Metrine alimjua Zablon miaka sita. Alimjua na mkewe Rispa, aliyekaa Sori na watoto wanne, nao wote walikula kutokana na kazi hiyo. Huenda mwalimu alikosa, huenda hakukosa, yeye hakujua. Lakini hata kuku, akasema moyoni, hukamatwa kwanza ndipo maji yatelekwe. Akapiga taipu yote aliyopewa. Ila palipoandikwa swali, "Kwa nini ulipita dirishani?", chini yake aliacha nafasi nyeupe ya vidole vitatu, ya jibu.

Ijumaa chumba kilijaa. Waliokosa viti walibanana nje madirishani. Terry alisimama kwanza, macho makavu.

"Alikuwa anaenda harusi, shati limekunjamana kama karatasi ya mandazi. Pasi ya makaa ninayo mimi peke yangu hapa. Nikamwambia, vua nikupigie. Nikaenda nyuma ya nyumba kupepea makaa. Niliporudi, shati ninalo, mtu simwoni. Hata ukosi niliuunguza kwa mshangao."

"Uuuwi!" wakapiga kelele dirishani.

"Mwalimu Zablon," Daktari Osoro akasema, "nyumba ile ina mlango. Kwa nini ulipita dirishani?"

Zablon akakohoa. Akatazama viatu vyake. "Hilo siwezi kulisema mbele ya watu."

"Amekiri!" Caleb akaruka.

"Hajakiri," Metrine akasema. "Amenyamaza. Hivyo ni vitu viwili."

"Metrine, anayeandika haongei."

"Sawa, Daktari, lakini jibu sina. Hapa pako wazi."

"Andika hakujibu." Daktari akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha.

Metrine akamgeukia Zablon. "Mwalimu, sema! Una watoto wanne!"

"Heri nifukuzwe," Zablon akasema.

Bahasha ilikuwa hewani, katikati ya mikono miwili, mlango uliposukumwa.

"Hodi wenyewe! Omena ya Sori! Kavu, haina mchanga!"

Alikuwa mama mzee mwenye beseni la dagaa kichwani. Alikuwa akipita barabarani, akasikia sauti za watu wengi, akaona hapo pana wateja. Kabla mguu wake wa pili haujavuka kizingiti, kiti cha Zablon kilianguka. Wanafunzi dirishani wakagawanyika kama Bahari ya Shamu mbele ya Musa, na mwalimu akapita katikati yao, miguu juu, safari hii na viatu vyote viwili.

Mama akatua beseni.

"Yaye! Huyo ni mgonjwa?"

"Unamjua, mama?" Daktari akauliza, bahasha bado mkononi.

"Nitamjuaje, nimeona visigino tu! Lakini watu wa hapa mna haraka. Jumamosi pia nilibisha kwa matroni, nikasikia kishindo ndani, pu! Kisha kimya. Nikaenda zangu."

Terry akashika mdomo. Metrine hakungoja ruhusa ya mtu. Alichukua karatasi na kalamu, akaenda dirishani, akainama nje. Zablon alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta, magoti kifuani.

"Mwalimu, nimebakiza nafasi moja tu. Mlango ulikuwepo. Kwa nini dirisha?"

Zablon alinong'ona, lakini siku hiyo hata waliokuwa nyuma kabisa walisikia.

"Metrine, mlangoni alikuwa amesimama huyo mwenye omena, maro wangu, mama aliyemzaa Rispa, na mimi kifua wazi kama mtoto wa kuoga ziwani. Mkwe anaonekana hivyo na nani? Na jina la maro ningelileta vipi kwenye mkutano wa wahuni hawa? Kungekuwa na shimo la panya, ningepita hilo."