Nchi Sita za Mzee Blažo

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Alhamisi tarehe 13 Julai 2023, kitambaa chekundu cha meza kilikuwa kimetundikwa kwenye dirisha la chumba 114, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Coon Rapids, Marekani. Kilikuwa kimeshikwa na vibanio vinne vya nguo. Kwenye mlango wa chumba hichohicho kulikuwa na kadi ya manjano.

Kendi aliiona kadi kwanza. Yeye alikuwa muuguzi wa zamu, mzaliwa wa Nkubu, Meru, na ndiyo kwanza arudi kazini baada ya likizo ya wiki mbili. Kadi ya manjano ilikuwa na maana moja: mkazi wa chumba hiki atajadiliwa leo, na huenda akahamishiwa ghorofa ya pili, kwenye wadi ya waliopoteza kumbukumbu. Mlango wa wadi hiyo hufunguliwa kwa namba za siri, na wanaozijua ni wafanyakazi tu.

Mkazi wa chumba 114 aliitwa Blažo Pejović, umri miaka 86, karani mstaafu wa posta ya Cetinje, Montenegro. Kila asubuhi alitia sahihi kwenye daftari la mlangoni, akazunguka uwanja wa magari mara mbili kwa mkongojo wake, akarudi, akatia sahihi tena. Kwa miaka miwili daftari halikuonyesha siku hata moja aliyochelewa kurudi. Ghorofa ya pili hakuna daftari, kwa kuwa hakuna anayetoka.

"Śedi," Blažo alimwambia Kendi alipoingia.

Hivyo ndivyo alivyomwambia kila aingiaye. Maana yake ni keti. Herufi ya kwanza hutamkwa kama sh, lakini laini zaidi, kana kwamba anayesema anataka kumtuliza mtoto.

Zamzam, msaidizi wa wauguzi kutoka Mombasa, alikuwa akitandika kitanda.

"Mkikuyu wangu karudi," alisema. "Haya, umetuletea nini?"

"Mimi si Mkikuyu, Zamzam. Ni Mmeru."

"Si nyote watu wa Mlima Kenya? Mimi nauona mlima mmoja tu pale."

"Nilikuletea majani ya chai. Sasa nitakunywa mwenyewe."

"Basi Mmeru! Mmeru kabisa! Lete chai."

Kendi alinyoosha kidole dirishani. "Na hiki?"

"Kaamka nacho. Nilipotaka kukitoa alinishika mkono, taratibu lakini kwa nguvu. Asema leo ni siku yake. Nikamwambia mzee, siku yako ni ya kuzaliwa? Akacheka. Duncan kapita, kaona, kaandika."

Duncan Gĩthĩnji alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii wa nyumba hiyo, Mkikuyu wa Nyeri, mwenye kufunga tai hata Julai. Kendi alimkuta ofisini saa tatu na nusu na kumwomba fomu ya tathmini ya Blažo.

"Karibu, msichana wa kwetu," Duncan alisema. "Mzee ameteremka sana. Alama tisa kati ya ishirini. Chini ya kumi na tatu, mtu huhamishwa."

"Nani aliyemuuliza?"

"Mimi mwenyewe, tarehe tatu. Kulikuwa na mkalimani wa simu, wa Kiserbia. Muda wake ulipoisha, swali la mwisho nikatumia simu yangu kutafsiri."

"Yeye hasemi kwamba ni Mserbia."

"Kwenye kompyuta kuna Kiserbia tu. Na si ni kitu kimoja? Kama sisi. Kikuyu, Meru, Embu, nyumba ni moja."

"Hiyo nyumba mnaisema nyinyi," Kendi alisema. "Sisi huwa tunasikia tu kwamba tumo."

Duncan alicheka, akampa fomu. Kendi aliisoma akiwa amesimama. Majibu kumi na moja yalikuwa yametiwa alama ya kosa. Matano kati ya hayo yalifuatana.

Ulizaliwa nchi gani? Ufalme wa Yugoslavia. Ulifanya kazi nchi gani? Tatu, na akazitaja zote. Mkeo alifia nchi gani? Serbia na Montenegro. Kabla ya kuja Marekani, uliwahi kuhamia mji au nchi nyingine? Hapana. Nyumbani kwako ni wapi? Hapo simu ya Duncan ndiyo iliyotafsiri, na Duncan alikuwa ameandika neno kwa neno: "Anasema anatoka mlima mweusi." Chini yake aliongeza: "Ametaja nchi tano na mlima mmoja. Anasema hakuhama. Amechanganyikiwa kuhusu mahali."

Pembeni kulikuwa na kosa jingine. Mzee aliulizwa binti yake angekuja lini, akasema "śutra". Mkalimani alieleza kwamba neno la kesho ni "sutra", na kwamba mzee hawezi tena kutamka s. Duncan akaandika: "Matamshi yameharibika."

"Mkutano ni saa ngapi?" Kendi aliuliza.

"Saa nane."

"Hilo swali la kuhama uliliuliza mara mbili?"

"Mara tatu. Mara ya tatu akakasirika. Nimeandika pia kwamba alikasirika."

Kendi alirudi chumba 114 na kufunga mlango. Alimpigia simu Stana, binti wa Blažo, mshonaji katika duka la kurekebisha nguo huko Roseville. Alimwuliza swali moja tu: baba yako amewahi kuishi nje ya Cetinje?

"Miezi kumi na minane, jeshini," Stana alisema. "Kisha hapa. Kwa nini?"

Kendi alimsomea fomu. Upande wa pili kulisikika kicheko kirefu sana, hata Kendi akaisogeza simu mbali na sikio.

"Mwambie afungue mkebe wa biskuti," Stana alisema. "Uko chini ya soksi. Mimi nakuja. Nilikuwa nakuja hata hivyo, leo ni sikukuu yetu. Nimekaanga priganice tangu alfajiri."

Blažo aliposikia Stana akiutaja mkebe kwa lugha yao kwenye simu, aliinuka mwenyewe. Alitoa karatasi moja baada ya nyingine na kuzipanga kitandani, kingo zikiwa sawa, kama mtu aliyepanga barua miaka arobaini na moja. Kendi alizihesabu. Zilikuwa sita.

Stana alifika saa sita na nusu akiwa na sahani kubwa iliyofunikwa kwa taulo. Zamzam aliinua ncha ya taulo.

"Subhanallah. Kaimati!"

"Priganice," Stana alisema.

"Dada yangu, hizi ni kaimati. Unga, hamira, mafuta, duara. Kwetu twatia shira, nyinyi mmetia asali. Mmesahau iliki tu."

"Priganice," Blažo alisema kutoka kwenye kiti chake, akigonga mkongojo sakafuni.

"Sawa babu. Priganice za Mombasa." Zamzam alikuwa ameshauliza kama kuna mafuta ya nguruwe, akaambiwa hamna, na sasa alikuwa anakula ya pili.

Stana alisimama mbele ya dirisha akakitazama kitambaa. "Ni cha mama," alimwambia Kendi. "Bendera yetu ni nyekundu, ina tai wa dhahabu katikati. Baba hakuwa na tai, kwa hiyo ametundika nyekundu. Tarehe 13 Julai 1878, wakubwa wa Ulaya walikubali kwenye mkutano wa Berlin kwamba sisi ni nchi. Tarehe hiyohiyo 1941, watu waliinuka dhidi ya Waitalia. Baba alikuwa na miaka minne. Anakumbuka kwamba alifichwa ndani ya pipa la kabichi na kwamba lilinuka."

"Na Serbia?"

"Hapo ndipo pagumu. Mwaka 1918 tuliunganishwa nayo, wengine walitaka, wengine walipigana kukataa. Mpaka leo. Ami yangu amezaliwa tumbo moja na baba, na anasema yeye ni Mserbia. Baba anasema yeye ni Mmontenegro. Mwaka 2006 tulipopiga kura ya kujitenga, mmoja alipiga hapana, mwingine ndiyo. Kesho yake walikunywa kahawa pamoja kama kawaida. Ilihitajika asilimia hamsini na tano. Tulipata hamsini na tano na nusu."

Blažo, aliyekuwa amefuata namba hizo bila kufuata mengine, aliinua kidole na kusema kitu. Stana alitafsiri:

"Anasema ile nusu ni yeye."

Mkutano ulianza saa nane kamili katika chumba kidogo karibu na jiko. Duncan alikaa upande mmoja wa meza, Stana na baba yake upande wa pili. Kendi alibaki amesimama. Aliweka zile karatasi sita mbele ya Duncan, kwa mpangilio wa miaka.

"Stana atakusomea," alisema. "Wewe andika mambo mawili: jina la nchi na jina la mji."

Cheti cha kuzaliwa cha Blažo, 1937: Ufalme wa Yugoslavia, Cetinje. Barua ya kuajiriwa posta, 1956: Jamhuri ya Watu ya Shirikisho la Yugoslavia, Cetinje. Cheti cha kuzaliwa cha Stana, 1968: Jamhuri ya Kisoshalisti ya Shirikisho la Yugoslavia, Cetinje. Barua ya pensheni, 1997: Jamhuri ya Shirikisho la Yugoslavia, Cetinje. Bahasha ya barua ya rambirambi, 2004, yenye stempu iliyoandikwa Serbia na Montenegro, na muhuri wa posta: Cetinje. Pasipoti ya 2009: Montenegro, Cetinje.

Duncan aliandika kila moja. Alipomaliza, aliangalia safu ya kushoto, kisha ya kulia. Kalamu yake ilipita juu ya zile Cetinje sita.

"Hakuhama," alisema.

"Alihamiwa," Kendi alisema. "Nchi zilikuja, zikaenda. Yeye alikuwa kwenye kaunta ya posta, akibadilisha muhuri."

"Na mlima mweusi?"

"Crna Gora," Stana alisema. "Crna ni nyeusi, gora ni mlima. Ndilo jina la nchi kwa lugha yetu. Montenegro ni hilohilo kwa lugha ya Venisi."

Duncan alivua miwani. "Niliandika kwamba amechanganyikiwa."

"Uliandika," Kendi alisema. "Kwetu Mlima Kenya tunauita Kirimara. Wewe unauita Kirinyaga. Mtu akikuambia hapa kwamba hakuna mlima kama huo, utasema nani amechanganyikiwa?"

"Sawa, sawa. Lakini matamshi. Hilo la mkalimani silo langu. Alisema hawezi kutamka s."

Kendi alimgeukia Blažo na kumwomba, kwa ishara na kwa maneno machache, ahesabu mpaka saba. Blažo alihesabu. Sita kwao ni šest na saba ni sedam. Sh kamili, kisha s kamili. Stana akamwuliza atakuja kumwona lini tena.

"Śutra," Blažo alisema.

"Nyumbani wengi tunasema hivyo," Stana alieleza. "Tangu 2009 sauti hiyo ina herufi yake kwenye alfabeti rasmi. S yenye kistari juu. Herufi zilikuwa thelathini, sasa ni thelathini na mbili. Ami yangu anasema ni upuuzi. Lakini hata yeye akitaka shoka anasema śekira."

"Kistari tu?" Duncan alisema.

Kendi aliangalia kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwa Duncan. Jina lilikuwa limechapishwa Gĩthĩnji, kila i ikiwa na alama yake ya wimbi juu. Mwaka uliopita Duncan alikirudisha kitambulisho hicho ofisi ya wafanyakazi mara mbili, mpaka alama zikawekwa. Wafanyakazi wote walijua.

Duncan aliinamisha kichwa, akaangalia kifua chake mwenyewe.

"Kendi, wewe ni mtu mbaya," alisema, akaanza kucheka, na Stana, ambaye hakujua habari za kitambulisho, alicheka kwa sababu Duncan alicheka.

Walisahihisha fomu pamoja. Maswali matano ya mahali yalirudishiwa alama, na la matamshi pia. Tisa na sita ni kumi na tano.

"Siku ya wiki nayo?" Duncan aliuliza. "Alisema Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu."

"Hiyo alikosea. Iache."

"Na hasira?"

"Uliuliza mara tatu. Andika hivyo."

Kwenye kompyuta, mahali pa lugha, Duncan aliteremka orodha yote, akafika chini, akachagua "nyingine", akaandika Kimontenegro. Kwenye sehemu ya tabia, ambako asubuhi alikuwa ameandika habari za kitambaa dirishani, aliandika: "Sikukuu ya taifa lake." Alichapisha fomu saa tisa na dakika tano. Uamuzi ulikuwa mstari mmoja: mkazi abaki chumba 114.

Stana alimtafsiria baba yake mstari huo. Blažo alimbusu binti yake shavuni mara mbili, akamshika Kendi mkono, akataka mkongojo.

Daftari la mlangoni linaonyesha kwamba alitoka saa tisa na dakika ishirini na kurudi saa tisa na dakika arobaini na moja. Zamzam, aliyekuwa kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza na sahani mkononi, alihesabu mizunguko mitatu badala ya miwili, na wa tatu, kwa maelezo yake, mzee aliucheza.

"Nimemwona kwa macho yangu! Mguu huu, mguu huu, mkongojo juu."

"Mkongojo ulikuwa juu?" Kendi aliuliza. "Muda gani?"

"Aa, mama, huyu naye. Hata ngoma utaipima?"

"Sekunde ngapi?"

"Tano. Kumi. Muulize mwenyewe."

Kendi aliandika: alitembea mizunguko mitatu, hakuanguka.

Saa kumi na dakika kumi Duncan alifika chumba 114. Alikuwa amelegeza tai. Aliibandua kadi ya manjano, na mahali pa kibao cha zamani cha jina, ambacho kilikuwa kimeandikwa Blazo, aliweka kipya. Kilikuwa na alama juu ya z na nyingine juu ya c ya mwisho ya Pejović. Ndani, Zamzam na Stana walikuwa wakibishana kuhusu iliki. Kitambaa chekundu kilikuwa bado dirishani. Duncan alisimama kwenye kizingiti, kadi mkononi.

Blažo alimsogezea kiti kwa ncha ya mkongojo, na sahani kwa mkono wa kushoto.

"Śedi," alisema.

Duncan akaketi.