Vidole vya Sekunde ya Kumi na Tisa

Mashine namba nne ya kiwanda cha sabuni ilikuwa na kinga ya chuma iliyotakiwa kushuka kabla ya kisu. Kinga ikishuka, mashine ilikata miche thelathini kwa dakika. Ikifungwa juu, ilikata hamsini. Kwa hiyo ilifungwa juu, kwa kitambaa cha kijani kilichochanwa kwenye aproni kuukuu, na fundo lake lilibuniwa na mama mmoja aliyefanya kazi hapo miaka kumi na minne. Lilishika siku nzima bila kulegea, lakini ukivuta ncha moja tu lilifunguka lote, na kinga ikaanguka mahali pake kabla mkaguzi hajamaliza kufuta miwani. Msimamizi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Saa kwa sababu alitembea na saa ya kuhesabia sekunde mkononi, alilisifu fundo hilo mbele ya watu wote. Akaagiza mashine zote sita zifungwe vivyo hivyo.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, mche ulikwama. Mama alipeleka mkono wa kulia kuusukuma, kama alivyofanya mara nyingi, na kisu kikashuka. Kilichukua kidole cha kati na cha pete. Damu iliruka ikachora mstari kwenye ukuta, juu ya tangazo la kukataza kula kazini. Bwana Saa alisimamisha mashine kwa dakika tatu. Vidole havikuonekana. Vilikuwa vimeangukia kwenye sanduku la miche iliyokwisha kukatwa, na sanduku lilikuwa limeshapigiliwa misumari na kupakiwa.

Mama alipewa mapumziko ya wiki tano. Baada ya hapo alitakiwa kurudi palepale, mashine namba nne.

Binti yake alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha filamu, chuo chenye vyumba viwili juu ya duka la vioo. Muhula huo walisoma video fupi za mtandaoni. Mwalimu wao, mtu mwembamba mwenye kikohozi kisichokwisha, aliwafundisha kupindua matangazo. Unachukua tangazo la mwenye nguvu, alisema. Hulitukani wala hulipigii kelele. Unaligeuza kidogo tu, hadi lijiumbue lenyewe. Kazi yao ilikuwa filamu isiyozidi sekunde arobaini, iwekwe mtandaoni mwisho wa wiki.

Mwanafunzi alichagua tangazo la sabuni. Lilipigwa picha ndani ya kiwanda. Mwanamke mwenye mikono laini aliinua mche mweupe, watoto wakacheka, na sauti tamu ikaimba, "Mkono wa mama haukosi nyumbani." Alilitazama mara sitini, kisha akalipunguza mwendo. Katika sekunde ya kumi na tisa, kwenye kona ya juu, aliona kitambaa cha kijani kinaning'inia.

"Mama, hiki si kitambaa chenu?"

Mama alivaa miwani kwa mkono wa kushoto. "Ndicho. Siku hiyo walituambia tuvute, kinga ikashuka. Wakapiga picha zao, walipomaliza tukafunga tena."

"Zimebaki siku kumi na moja urudi. Nataka kinga iwe imeshuka kabla hujarudi. Nitawatengenezea filamu."

"Wataniuliza nani kafunga."

"Nani kafunga?"

"Mimi, mwanangu. Na nilifunga vizuri."

Jioni ile alifika msichana wa mashine namba tano, ambaye mwanafunzi alikuwa amemwomba msaada. Aliitwa Kucha, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila rangi nyekundu kwenye kucha zake, hata siku ya mkaguzi. Alimpiga mwanafunzi begani akamwonyesha simu. Alikuwa ameificha kwenye mfuko wa aproni, lenzi ikichungulia, akapiga picha ya kisu kikishuka bila kinga.

"Wakijua, watakufukuza," mama alisema.

"Wakinifukuza nitauza rangi za kucha. Wewe mama utakuwa mteja wangu wa kwanza, nitakupunguzia, una kucha nane tu."

Mama alicheka hadi bandeji ikadondosha tone la damu mezani. Kucha alilifuta kwa kiganja.

Walimkalisha karibu na dirisha, kwenye mwanga. Mwanafunzi alimpa mche wa sabuni.

"Tabasamu, mama."

"Nitabasamu vipi na mkono unapwita?"

"Kama yule wa kwenye tangazo."

Mama alitabasamu. Kucha alisema wangemchukua mama tangu mwanzo, yule mwingine ana meno ya kuazima.

Filamu ilikuwa na sekunde thelathini na nane. Mwanafunzi aliacha wimbo, watoto na kicheko chao vilevile. Sekunde ya kumi na tisa aliingiza kisu cha Kucha, picha kumi na moja tu, chini ya nusu sekunde. Baada ya hapo mkono laini uliinua mche, ukawa mkono wa mama wenye vidole vitatu, na sauti tamu ikaimba maneno yake yaleyale. Aliiweka mtandaoni Alhamisi saa nane mchana.

Mtazamaji wa kwanza alikuwa mwalimu. Ilipofika sekunde ya kumi na tisa, kidole kilitoka kwenye kioo cha simu yake kikaangukia juu ya karatasi za mitihani. Kilikuwa na joto, kimekatwa sawasawa, na damu yake ililowesha swali la tatu. Mwalimu alikisogeza kwa ncha ya kalamu, akatazama filamu hadi mwisho, akaandika, "Mdundo mzuri. Wimbo upunguzwe sauti kidogo."

Kila aliyetazama alipata kimoja. Wa kwanza alipata cha kati, wa pili cha pete, wa tatu cha kati, na kuendelea hivyo. Kinyozi mmoja alikikuta kwenye shingo ya mteja. Mwanamke aliyekuwa akikaanga mayai alikipata ndani ya kikaango. Hadi Jumamosi watu elfu moja na mia mbili walikuwa wametazama, na chini ya filamu waliandika.

"Changu kimeingia kwenye chai. Nikinywa nitadhurika?"

"Mimi cha pete, ila pete yenyewe haimo. Wizi mtupu."

"Wekeni bakuli chini ya simu jamani, mazulia yanaharibika."

Mama aliomba aletewe kimoja. Alikishika kwenye mwanga akakigeuza. Chini ya kifundo palikuwa na kovu dogo kama mwezi mwandamo, aliloachiwa na kifuniko cha kopo alipokuwa na miaka saba.

"Ni changu," alisema, akakiweka juu ya kitambaa safi. Baada ya saa moja kilipoa, na kufikia jioni kilikuwa kimekauka kama karoti iliyosahaulika.

Hakuna aliyeuliza virudishwe wapi. Popote kilipoanguka, kidole kilijigeuza taratibu hadi kikaelekea kiwandani, na watu walifuata kilikoelekea. Jumapili foleni ilifika kwenye kona ya pili. Mlinzi wa geti, mzee aliyependa utaratibu, alipiga mistari kwenye daftari akaweka safu nne: tarehe, jina la mletaji, kidole cha kati, kidole cha pete. Alivipanga kwenye makasha ya sabuni, vyote vikiwa vimeuelekea mlango wa chumba cha mashine, na damu mbichi ya vile vya karibuni ikapita kwenye nafasi za mbao ikatiririka hadi mtaroni.

Jumatatu saa kumi alasiri walinzi wawili wa kiwanda walikuja nyumbani kwa mama. Mmoja alibeba nondo. Walivua viatu mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnakunywa maji?"

"Tutakunywa tukimaliza."

Wa kwanza alimpiga mwanafunzi kofi lililomwangusha kitini, na alipotaka kuinuka akampiga la pili, pete yake ikampasua mdomo. Mama alijitupa katikati, akasukumwa ukutani kwa mkono wenye bandeji, akapiga yowe moja akanyamaza. Wa pili aliweka kompyuta ya mwanafunzi sakafuni akaipiga kwa nondo. Ilipopigwa ilicheza filamu mara moja, ikatoa kidole. Akaipiga tena, ikatoa kingine. Kwa pigo la saba kioo kilikuwa unga, na bado wimbo uliimba kwamba mkono wa mama haukosi nyumbani. Alifika pigo la kumi na tatu akachoka, akaketi akihema. Kisha wote wawili walipiga magoti wakaokota vidole kumi na vitatu, wakavitia kwenye mfuko, kwa kuwa vilikuwa mali ya kiwanda.

"Poleni," alisema wa kwanza. Wakanywa maji, wakavaa viatu.

Mwanafunzi alikaa na barafu mdomoni. "Filamu bado ipo," alisema. "Huko haivunjiki."

"Na kinga?" mama aliuliza.

Kinga ilikuwa bado imefungwa. Kucha ndiye aliyewaambia. Bwana Saa alikuwa ameitazama filamu mara nyingi kuliko mtu yeyote, akitumia saa yake, akasema jambo moja tu, kwamba watu wanaangalia hadi mwisho. Tangazo la zamani walikuwa wanaliruka.

Jumatano kiwanda kiliiweka filamu kwenye ukurasa wake wenyewe, bila kupunguza hata picha moja. Chini yake waliandika kwamba kila atakayerudisha vidole kumi getini atapewa mche mmoja bure. Foleni ikaongezeka. Familia ziliketi pamoja baada ya chakula, bakuli katikati, simu juu yake, wakihesabu hadi kumi. Sabuni ilinunuliwa kuliko wakati wowote, kwa kuwa iliondoa vizuri damu kwenye mazulia. Kiwanda kikaagiza miche sitini kwa dakika.

Ijumaa mama alipokea barua. Ilikuwa na adabu, na mwanafunzi aliisoma kwa sauti.

"Kwa kuwa mfanyakazi alipoteza vidole viwili, na kwa kuwa hadi kufikia jana vidole vyake elfu tisa mia nne na sita vimepatikana na kutunzwa, kiwanda kinaona kwamba amerudishiwa zaidi ya alivyopoteza, na kwamba hana madai. Aidha, fundo lililofunga kinga lilifungwa kwa mkono wa mfanyakazi mwenyewe. Akaribie kazini Jumatatu."

Pamoja na barua waliletewa kasha moja la vidole. Mama alilisukuma chini ya kitanda. Vidole vilijigeuza humo ndani vikielekea kiwandani, vikikwaruza mbao kwa muda mfupi, halafu vikatulia.

Jumatatu mama alifika kazini mapema. Bwana Saa aliutazama mkono wake, akaulinganisha na ile kasi mpya, akaona haviendani. Akampeleka mezani kwa wafungashaji wa sabuni, na Kucha akahamishiwa mashine namba nne. Lakini fundo la Kucha lililegea mara mbili kabla ya saa mbili, kinga ikashuka, na miche ikarundikana.

"Mwiteni mama," alisema Bwana Saa.

Mama alisimama mbele ya mashine akiwa na kitambaa cha kijani mkononi. Alimtazama Kucha.

"Funga tu, mama," Kucha alisema. "Bora unifungie wewe. La kwangu likiachia katikati ya kazi, hicho chuma kitanipasua kichwa, na kichwa sina cha akiba."

Mama alifunga. Kwa vidole nane ilimchukua muda mrefu zaidi, na Bwana Saa alipima. Mama alivuta ncha kujaribu, kinga ikaanguka mara moja, akafunga tena. Lilikuwa fundo zuri kama yote aliyowahi kufunga.

Saa nne na dakika kumi, chuoni, mwalimu alikuwa akirudisha kazi. Filamu ya mwanafunzi ilipata alama ya juu kuliko zote darasani. Mwalimu alisema, akikohoa, kwamba tangazo lililopinduliwa vizuri hutembea lenyewe. Wenzake walipiga makofi. Mwanafunzi aliinamisha uso, mdomo wake ukiwa bado na uvimbe. Simu yake ilikuwa imezimwa, iko juu ya dawati.

Kidole kilitoka kwenye kioo cheusi kikaanguka juu ya daftari lake. Hakuna aliyegeuka, vidole vilikuwa vimezoeleka. Yeye alikigeuza kutafuta kovu. Hakukuwa na kovu. Kilikuwa kidole cha shahada, chembamba, cha msichana, na ukucha wake ulikuwa na rangi nyekundu isiyobanduka hata pembeni.

Alikifunga kwenye karatasi yenye alama yake, akaomba ruhusa, akatoka. Alitembea bila kukimbia, kwa sababu damu ilipenya karatasi na hakutaka idondoke. Kila alipokata kona, kidole kilijigeuza kiganjani mwake, kikaelekea mbele.

Getini foleni ilikuwa fupi. Mlinzi alichovya kalamu.

"Cha kati au cha pete?"

"Cha shahada. Si cha mama. Hiki ni cha leo, mzee. Ni cha Kucha."

Mlinzi alikifungua, akakitazama, akatazama safu zake nne, kisha akamwonyesha ukurasa ili naye aone.

"Cha shahada sina pa kukiandika, binti yangu."

"Kwa hiyo?"

Mzee alifikiri. Akakiandika kwenye safu ya cha pete, akakilaza kwenye kasha pamoja na vingine, akampa karatasi yake.

"Bado tisa," alisema, "ndipo upate mche."

Mwanafunzi alibaki amesimama kando ya geti. Ndani, mashine namba nne ilikuwa kimya. Alihesabu. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Kisha kisu kikaanza tena, na kwa muda ambao mlinzi alimwandika mletaji aliyefuata, kilishuka mara sitini.