Kiwiko cha Mama Mwanamisi

Hezekia aliingia katika nyumba ile ya serikali pale Lushoto bila hata shikamoo. Mkononi alishika fomu ya ukaguzi, na kichwani alibeba cheti cha chuo cha ufundi, kilichomlevya kuliko pombe ya miwa. Nyumba ilikuwa ya mlowezi wa Kijerumani kabla ya kutaifishwa mwaka uliopita. Sasa alikuwa anahamia nesi Paskalina na kichanga chake cha wiki tatu.

Mwanamisi, mama mtu mzima aliyeitunza nyumba hiyo tangu enzi za mkoloni, alimfuata hadi bafuni. Mshale wa hita ya maji ulisimama kwenye hamsini. Hezekia akacheka.

"Hamsini? Haya ni maji ya mtoni haya!"

"Yanatosha, mwanangu. Mimi huyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto."

"Mama, siku hizi tunatumia vipimo, siyo viwiko."

Akazungusha hadi tisini. Kwenye fomu akaandika: Hita ilikuwa baridi, imerekebishwa. Akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Masikini, chuoni alisomea vipimo vya Farenhaiti, ambavyo kwavyo maji ya kuoga hufika mia na ushei. Hita ya Mjerumani ilihesabu kwa sentigredi, na maji ya tisini yamebakiza kidogo tu kuchemka. Chini ya mshale paliandikwa hivyo, kwa herufi ndogo. Mwenye cheti hakuinama kusoma.

Jumatatu Bwana Tobia, msimamizi wa nyumba za serikali, alimwita ofisini akachukue funguo za kwenda kuitazama hita. Hezekia akamkuta Mwanamisi ameketi, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Nesi alikuwa amejaza beseni ili amwogeshe mtoto, na Mwanamisi akatanguliza kiwiko. Mtoto hakuguswa na tone.

"Nani aliichezea hita?" Tobia aliuliza.

"Mimi, baba. Uzee huu! Nilizungusha nikasahau."

Akamtupia Hezekia jicho mara moja, kama bibi anavyomtazama mjukuu aliyevunja chungu.

"Basi kazi imekushinda, mama. Weka dole gumba kwenye barua hii ya kuacha kazi, ukapumzike nyumbani."

Fomu ya ukaguzi ilikuwa pale pale mezani, chini ya kikombe cha chai, haijasomwa. Hezekia aliiona sahihi yake. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto, na bado hakuigusa fomu, kwa kuwa alikuwa na miezi miwili tu kazini.

Mwanamisi alijaribu kuufikia wino. Mkono ukakataa kukunjuka. Akaomba asogezewe.

Hezekia akainua kikombe, akaitoa fomu.

"Soma hapa, mzee. Ni mimi. Mama alinikataza, nikamcheka."

Tobia alisoma mara mbili, kisha akaichana barua ya kumwachisha mama kazi. Hezekia alimgeukia Mwanamisi, akainama, machozi yakimlenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Hiyo ungenipa siku ile mlangoni, ungenisikia na bafuni."