Eka Tano za Darasa la Sita

Mwalimu Wilibrodi alipelekwa semina kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kwenda. Ilikuwa likizo ya Juni, mahindi yamekauka shambani, na mwalimu wa shule ya msingi katika nchi yetu ya Ufipa ni mkulima anayeshika chaki mvua zikimruhusu. Mwalimu Jafeti alisema mgongo unamsumbua. Mwingine alikuwa na msiba, na marehemu alipotajwa ilionekana alikwisha kuzikwa mwaka juzi. Mwalimu Mkuu, Andwele, akatazama chumba chote, akamwona Wilibrodi ambaye alikuwa amemaliza kuvuna, akamwambia serikali imemchagua.

Semina yenyewe ilifanyika ukumbini huko Majengo, mjini Sumbawanga. Kwa siku tano walimu wa hisabati walikaa kwenye viti vya plastiki, wamejifunika makoti, wakahutubiwa juu ya ubaya wa kuhutubia. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja kutoka Mbeya, Mwalimu Rose. Alisoma maandishi yaliyomulikwa ukutani, ukurasa baada ya ukurasa, kwamba mtoto si debe la kumiminiwa mahindi, kwamba aachwe apime mwenyewe, akosee, kisha aeleze jibu lake amelipataje. Kila ukurasa ulipokwisha aliuliza, "Tuko pamoja?" na walimu sitini wakaitikia kwa sauti moja, "Tuko pamoja." Halafu chai.

Ajabu ni kwamba Wilibrodi alisikiliza. Siku ya nne Mwalimu Rose alimtaka kila mmoja akumbuke mara ya mwisho mtoto alipomuuliza swali la hisabati. Wilibrodi akatafuta kichwani. Alikuwa amefundisha tangu ujana wake, kwa fimbo na kwa kuitikiwa, na swali pekee alilolikumbuka lilikuwa "Mwalimu, naomba kutoka nje." Miaka yote hiyo aliuhesabu ukimya wa darasa lake kuwa ni heshima. Siku ile, na maandazi yake mkononi, aliona aibu, na aibu hiyo akarudi nayo nyumbani kwenye basi.

Shule ilipofunguliwa Julai, fimbo ikawekwa juu ya kabati. Mnadhani watoto walifurahi? Walitishika. Mwalimu asiye na fimbo, anayekusogelea taratibu na kukuuliza "Umepataje?", kwao alikuwa anafanana na polisi. Mmoja alilia. Loth, mvulana mwenye miguu mirefu kuliko dawati lake, aliungama papo hapo kwamba amenakili kwa Angela, na Angela akaungama kwamba na yeye alinakili.

Lakini watoto huzoea hata wema. Wiki ya pili walikuwa wanabishana. Wiki ya tatu, katika somo la eneo, msichana aliyekuwa hajawahi kusikika tangu darasa la kwanza akanyoosha mkono. Huyu aliitwa Stefania.

"Mwalimu, kwa nini eka moja ni hatua sabini kwa sabini? Hatua za nani?"

Wilibrodi hakujua. Alirudi nyumbani anacheka peke yake, akamweleza mke wake, Cornelia, kwamba leo mtoto amemuuliza swali na yeye hakuwa na jibu.

"Hujui, halafu unafurahi?" akauliza Cornelia. "Hiyo semina walikulisha nini?"

Kesho yake akawatoa darasa zima nje ili jibu wakalitafute kwa miguu yao, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Shamba la shule, kila mtu anajua, ni eka tano. Hutajwa katika kila mkutano wa wazazi. Wazee waliotoa ardhi walipima kwa hatua kama tunavyopima wote: upana sabini, toka barabarani hadi mferejini, na urefu sabini mara tano, hadi lilipoanza shamba la Mzee Evaristi. Mzee Evaristi ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Barabara imemwagwa kokoto na mfereji una mawe, kwa hiyo pande hizo hazina maneno. Upande wa Mzee Evaristi mpaka ulikuwa mstari wa alizeti. Ni mpaka mzuri sana, unapendeza ukichanua, ila una tabia moja: hupandwa upya kila mwaka.

Watoto wakaanza kupima, kila kundi kwa hatua zao. Loth akapata eka chache, Angela mwenye miguu mifupi akapata nyingi. Wakabishana mpaka mwalimu wa zamu akaja kuangalia kama wanapigana. Stefania ndiye aliyeumaliza ubishi.

"Mwenye hatua fupi anazipiga nyingi, kwa hiyo eka zake zinaongezeka," alisema. "Ukitaka shamba kubwa, mtume mdogo wako akalipime."

Wakakubaliana wapate kipimo kimoja. Mwalimu Wilibrodi akatembea hatua sabini, wakakata kamba ya urefu huo. Wakaivuta toka barabarani hadi mferejini, ikatosha sawasawa, na watoto wakashangilia. Basi kamba ni sahihi. Wakaigeuza kwenye urefu. Kamba moja, ya pili, ya tatu, nusu, na wakagonga mabua ya alizeti. Wakadhani wamekosea. Wakaanza tena toka upande wa pili. Tatu na nusu.

"Mwalimu," akauliza Loth, "eka moja na nusu imekwenda wapi?"

Darasa zima likageuka kutazama ng'ambo ya alizeti, ambako shamba la Mzee Evaristi lilikuwa limetulia kama mtu aliyeshiba.

"Andikeni mlichopata," akasema Wilibrodi. Akakusanya madaftari.

Jioni ile kijiji kizima kilikuwa na jibu. Asubuhi Mwalimu Mkuu alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Semina ilikufundisha kupima mashamba ya watu?"

"Tulipima la shule, Mwalimu."

"Mwenyekiti ametununulia mipira. Mwenyekiti ameezeka choo cha walimu. Hicho choo unakitumia au hukitumii?"

"Nakitumia."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite. Waandikie watoto kwamba wamekosa, mwendelee na desimali. Ukishindwa, darasa la sita nampa Jafeti."

"Jafeti desimali hazijui."

"Hazijui," alikubali Andwele, "lakini hapimi."

Nataka mwelewe alichokuwa anatishiwa. Mshahara usingepungua, na darasa la pili ambalo angepewa lina kazi ndogo zaidi. Lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu mtu huyu alikuwa na watoto wanaouliza, na aliwapenda kwa namna iliyomtia aibu kuisema. Akiwapa kosa, wangejua anadanganya, maana walipima wenyewe, na mikono ile isingenyooshwa tena. Akiwapa vema, wangekabidhiwa kwa Jafeti, na Jafeti hakuwa ameweka fimbo yake juu ya kabati lolote. Kwa hiyo Wilibrodi alifanya wanachofanya watu wazima wenye akili: hakufanya kitu. Madaftari akayatia kwenye mfuko wa nailoni, akawa anakwenda nayo nyumbani na kurudi nayo shuleni.

"Mwalimu, madaftari yetu?" waliuliza kila asubuhi.

"Bado nasahihisha."

Kamati ya shule ikaitwa. Mzee Evaristi si mtu mbaya, jamani. Ni mtu wa kanisa, ana sauti ya upole, na hajawahi kumnyang'anya mtu kitu chochote kwa siku moja. Alisimama akasema amesikia maneno, na hana kinyongo na watoto.

"Ila tuelewane," alisema. "Watoto wana hatua fupi. Hatua zikiwa fupi, eka lazima zipungue. Ni jambo la kawaida."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, kwani kikao cha kamati hutikisa kichwa chenyewe. Andwele alitikisa kuliko wote, na ana stashahada. Wilibrodi alikuwa amekaa pembeni. Alifikiri jinsi Angela angecheka. Kisha swali likamtoka kabla hajalizuia, kwa upole uleule ambao semina ilimfundisha kuwa nao kwa mtoto anayehangaika.

"Samahani, Mzee. Umepataje?"

"Nimepataje nini?"

"Kwamba zinapungua."

"Si rahisi tu," akasema Mzee Evaristi. "Chukua mtoto. Ana hatua fupi. Anatembea toka kule mpaka huku. Anapiga hatua... anapiga hatua nyingi..."

Akautazama mkono wake, ambao alikuwa anautembeza kwa vidole viwili juu ya meza. Mzee huyu hakusoma sana lakini si mzito wa kuelewa, na kama Mwalimu Rose angekuwepo angempigia makofi. Alimtazama Wilibrodi. Halafu uso wake ukafunguka.

"Kwanza niwaambie," akasema, "nilikuwa nangoja tu siku nzuri ya kulisema hili. Nimeamua kutoa zawadi kwa shule yetu. Natoa eka moja na nusu."

Makofi yalianza hajafika kwenye nusu. Andwele alisimama akampa mkono, akashindwa kuuachia. Palepale ikakubaliwa ifanyike sherehe, diwani aalikwe, na wazazi wachange ulezi wa togwa. Wilibrodi naye alipiga makofi. Shule imerudishiwa ardhi yake, alijiambia, na darasa limebaki kwangu, nataka nini tena? Lakini alijua alichokuwa anataka, maana madaftari yalikuwa bado kwenye ule mfuko wa nailoni, na alijichukia kidogo.

Siku ya sherehe turubai lilifungwa mpakani penyewe, baada ya alizeti kung'olewa. Upepo wa Agosti ulikuwa unalitikisa. Kwaya iliimba, diwani akachelewa, wakaimba tena. Andwele alikuwa ameandika neno la shukrani la wanafunzi kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa siku hizi kulikuwa na mtoto mmoja asiyeogopa kusema, akamchagua Stefania.

Stefania alimfuata Wilibrodi nyuma ya turubai, sare imefuliwa, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umejiandaa?"

"Ndiyo. Mwalimu, lile swali la shamba, tulikosa?"

Upande wa pili wa turubai watu walikuwa wanampigia diwani makofi, kumbe amefika. Wilibrodi alitazama karatasi, akatazama viatu vya mtoto.

"Hapana," akasema. "Mlipata. Wote mlipata."

"Mbona hujasahihisha?"

"Niliogopa."

Mtoto alilifikiria jibu hilo kama alivyozoeshwa kufikiria majibu. Hakumuuliza amelipataje. Aliitwa, akaenda.

Alisoma vizuri. Alimshukuru mgeni rasmi, akamshukuru Mwalimu Mkuu mara mbili kama ilivyoandikwa, akamshukuru baba yetu mpendwa Mzee Evaristi kwa moyo wake wa kutoa. Karatasi ikaisha. Andwele akaanza kupiga makofi ili wengine wafuate. Stefania hakukaa. Aliikunja karatasi mara nne, akaishika nyuma ya mgongo.

"Shamba letu tulilipima sisi darasa la sita," akasema. "Lilikuwa eka tatu na nusu. Mzee ametupa moja na nusu. Ukijumlisha ni eka tano. Sasa shamba letu la eka tano ni eka tano. Ahsanteni."

Akarudi kukaa. Wasiojua kujumlisha walishangilia, na mama mmoja akapiga vigelegele. Wanaojua waliinamisha vichwa wakatazama togwa zao. Mzee Evaristi alikuwa miongoni mwa hao wa pili, alikwisha kujifunza. Diwani, ambaye hakuwa anasikiliza, aliomba mtoto apigiwe makofi ya kilo, akapigiwa.

Andwele hakupiga. Aliinama kwenye sikio la Wilibrodi, akitabasamu ili picha isiharibike.

"Yale ya mwisho sikuyaandika mimi," alinong'ona. "Nani amemfundisha?"

Wilibrodi aliliangalia darasa lake, lililokaa majanini mstari wa mbele, na watoto wote walikuwa wamegeuka wanamtazama yeye. Jafeti alikuwa kiti cha tatu toka pale, anakunywa togwa, mgongo haumsumbui.

"Mimi," akasema Wilibrodi, kwa sauti ambayo mstari wote wa mbele uliisikia.