Alama ya Kupeana Mikono

Mwenye mkokoteni alikuwa amepandisha bei ya maji tena, na Kowsar alisimama mlangoni akibishana naye huku ameshika kijinga cha moto mkononi. Kati ya wote watatu, punda ndiye aliyekuwa na subira.

"Hata huyu anakula," mwenye mkokoteni alisema akimwonyesha punda. "Na nyasi pia imepanda."

Kowsar akachukua madumu mawili badala ya manne, akarudi jikoni kufukiza vibuyu. Katika nyumba hiyo ya mtaa wa Bula Iftin kila asubuhi ilianza hivyo. Vibuyu vilipakwa moshi, maziwa ya ngamia yakachujwa, na mama yake mdogo Saynab akatoka nayo kwenda kuuza kabla jua halijawa kali. Leo lakini mikono ya Kowsar ilikuwa jikoni na akili yake iko chuoni. Kibuyu kimoja kikaanza kutoa harufu ya kuungua.

"Naa Kowsar, unafukiza ama unachoma?" Saynab aliuliza.

"Nisamehe, habaryar. Ni ile alama."

Ile alama ilijulikana na kila mtu nyumbani, hata jirani. Kowsar alikuwa mwaka wa tatu, akisomea uhasibu katika kampasi ndogo ya Chuo Kikuu cha Nyanda za Tana. Somo gumu kuliko yote mwaka huo lilikuwa Uhasibu wa Fedha wa Kati, ambalo wanafunzi waliliita Intamidieti na kulitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja mbwa mkali wa jirani. Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina lake palikuwa na kistari kitupu. Sifuri angeielewa, maana sifuri hupatikana kwa kufanya jambo vibaya. Kistari kilisema kwamba hakufanya jambo lolote.

Na mtihani aliufanya. Alikuwa akitoka kwao Liboi baada ya Idi, basi likasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, abiria wote wakashushwa na vitambulisho kukaguliwa. Mzee mmoja hakuwa na chake, basi wote wakangojea jambo la mzee yule liamuliwe. Kowsar alifika chuoni wenzake wakitoka chumba cha mtihani, wanabishana kuhusu majibu. Mwalimu Guleid alimtazama vumbi lililomjaa usoni, hakuuliza mengi. Alasiri hiyohiyo alimkalisha peke yake katika darasa tupu, akamwandikia maswali mapya kwa mkono wake, akakaa kumsimamia hadi mwisho.

Sasa Shuaib wa ofisi ya mitihani alikuwa na jibu moja tu: karatasi haipo, alama haipo, na mfumo unafungwa leo jioni. Ukishafungwa, Kowsar angerudia Intamidieti na darasa linalomfuata, na somo hilo hutolewa mara moja kwa mwaka. Kupoteza mwaka si jambo la kuua mtu. Lakini nyumbani Liboi baba yao, Yarow, alikwisha sema waziwazi kwamba mifugo iliyobaki baada ya ukame inaweza kumsomesha binti mmoja kwa wakati mmoja. Mdogo wake Nasteha alikuwa amemaliza sekondari, anangoja zamu. Mwaka atakaoupoteza Kowsar ungekuwa wa Nasteha, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Na huyo mwalimu mwenyewe yuko wapi?" Saynab aliuliza.

"Haji tena. Ni wa mkataba, hawajamlipa tangu mwaka jana. Simu yake nayo haipatikani."

"Guleid gani huyo? Mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi?"

"Huyo."

Saynab akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Abayo, huyo si mwalimu. Huyo ni dilaal, dalali wa mifugo. Kila siku ya mnada ananunua maziwa kwangu. Kimbia, leo ni mnada."

Kowsar alikimbia. Nauli ya tuk-tuk ilikuwa imepanda kwa sababu ya petroli, kwa hiyo alikimbia kwa maana halisi ya neno, buibui likipepea na viatu vikimeza mchanga.

Soko la mifugo la Garissa siku ya mnada lina kelele za kila kitu isipokuwa za bei. Ng'ombe wanalia, mbuzi wanalia, madereva wa malori wanagombana, lakini bei haitamkwi. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shali, na vidole ndivyo vinavyozungumza: kidole hiki kikibanwa ni elfu, kile kikikunjwa ni nusu yake. Wanaosimama kando huona nyuso mbili tu zinazojifanya hazijali. Na mkono ukiwa chini ya shali, mtu hasemeshwi. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na mnada anajua hilo. Kowsar pia alijua, ila siku hiyo alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa kistari.

"Mwalimu Guleid! Mwalimu!"

Mwalimu alikuwa katikati ya kundi la fahali, kikoi kiunoni, fimbo kwapani, mkono wa kulia umezama chini ya shali pamoja na mkono wa mnunuzi mnene kutoka Thika. Mnunuzi aliposikia neno lile, alichomoa mkono wake.

"Mwalimu?" alisema akimtazama Guleid upya. "Kumbe wewe ni mwalimu? Mimi niliambiwa napewa dalali."

Madalali waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Kowsar alitamani ardhi ipasuke. Mtu aliyemwokoa siku ya mtihani, leo yeye Kowsar alikuwa amekuja kumharibia riziki mbele ya watu.

Guleid hakukasirika, au alikasirika na akaimeza hasira. "Mzee wangu," alimwambia mnunuzi, "ningekuwa mwalimu, ningekuwa hapa na vumbi hili? Lete mkono." Akatandaza shali tena. Vidole vikaanza upya, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na Kowsar akasimama kando kama aliyewekewa gundi mdomoni. Hatimaye mnunuzi akatikisa kichwa kukubali. Wakapeana mikono hadharani, mbele ya watu wawili waliokuwa wamesimama pale, na biashara ikaisha. Hakuna aliyeandika chochote. Guleid ndiye aliyekuwa dhamana kwamba ng'ombe wale hawakuibwa, na neno lake lilitosha.

"Haye, Kowsar," alisema akijifuta jasho. "Umeniangushia bei kidogo, lakini si kitu. Kuna nini?"

Akamweleza. Guleid alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaivaa tena.

"Lakini alama yako niliitoa."

"Wapi, mwalimu?"

"Kwa Shuaib. Nilimpelekea karatasi yako, akasema bahasha ya darasa imeshafungwa kwa lakiri, haiwezi kufunguliwa kwa karatasi moja. Akaniambia nimtajie tu, ataiingiza mwenyewe. Nikamtajia. Tukapeana mikono."

"Basi? Hukuandika?"

Mtu huyu alikuwa amewafundisha darasa zima kwamba hesabu isiyo na hati ni hadithi ya kuchekesha watoto. Alirudia jambo hilo kila wiki, mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza mabwenini. Lakini babu yake alikuwa dalali, baba yake dalali, na Shuaib naye ni mtoto wa mfugaji wa hapahapa. Watu wawili kama hao wakipeana mikono, karatasi hutafutwa ya nini? Mazoea yana taabu.

"Karatasi yako ninayo nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Twende."

Walipitia kwake, kisha wakapakiana kwenye boda moja pamoja na dereva, fimbo ya Guleid ikimchoma mbavu kila mtu kwa zamu. Walifika chuoni wakati wa sala ya adhuhuri, wakasali, wakangoja, na Shuaib akarudi ofisini kwake akiwa hana haraka, ulimi ukitafuta kitu kati ya meno.

Aliisikiliza habari yote. Akaitazama karatasi bila kuigusa.

"Mwalimu, hii siwezi kupokea. Muda wa kupokea karatasi ulipita."

"Sikuletei karatasi. Nimekuja kwa alama niliyokupa."

"Kuna mahali nilitia sahihi?"

"Ulinipa mkono, Shuaib."

"Aa, mwalimu, napeana mikono na watu wangapi kwa siku? Hapa ni ofisi. Kama hakuna hati, sina kumbukumbu." Alimgeukia Kowsar, na kwa kweli sauti yake haikuwa mbaya. "Dada, rudia tu. Mwaka ni kitu gani? Utapata alama nzuri hata zaidi."

Kowsar alihisi machozi yakipanda, akayazuia kwa hasira. Mwaka ni kitu gani kwa mtu anayelipwa kila mwezi? Alimwona Nasteha akikaa mwaka mwingine Liboi, anakosha vyombo, anaulizwa na wachumba.

Ndipo sauti ikatoka ukumbini, nyuma ya ndoo. "Hata mimi sina hati, lakini nina macho."

Alikuwa Mama Kaaha, mwanamke wa usafi, ameegemea fimbo ya deki. Alikuwa akipiga deki ukumbi ule tangu chuo kifunguliwe, na maofisa walizungumza mbele yake kama vile wanazungumza mbele ya kabati.

"Siku hiyo nimemaliza kufuta hapa," alisema akionyesha kizingiti. "Nyinyi wawili mkasimama juu ya maji yangu, mkapeana mikono. Nikawaambia tokeni, mnanichafulia. Wewe Shuaib ukaniambia, ngoja mama, natengeneza mambo ya msichana wa Liboi. Wallahi hivyo ndivyo ulisema. Nikafuta mara ya pili."

Shuaib angeweza kumkana Guleid, maana mwalimu wa mkataba si mtu chuoni. Lakini mkono uliopeanwa mbele ya shahidi ni jambo lingine. Baba yake Shuaib alikuwa bado anauza mbuzi mnadani, kupitia madalali walewale, na habari ya mtoto anayekana mkono wake ingefika huko kabla yake.

Alikohoa. Akavuta kibodi.

"Ilikuwa ngapi?"

"Sitini na moja," Guleid alisema, akaweka karatasi mezani ili atazame mwenyewe.

Mfumo ulizunguka na kuzunguka, mtandao ukakatika, ukarudi. Shuaib akageuza kioo ili Kowsar aone. Kistari kilikuwa kimekwenda. Sitini na moja, nyeusi, mbele ya jina lake. Kowsar akakaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha, akasema alhamdulillahi mara nyingi mfululizo kama mtu aliyekabwa na kigugumizi. Kisha akatoka ukumbini, akamkumbatia Mama Kaaha pamoja na fimbo ya deki.

"Toka hapo," Mama Kaaha alisema. "Sakafu ni mbichi."

Ndani, Shuaib alikuwa amepata uchangamfu wake, kama afanyavyo mtu aliyeponea chupuchupu. "Mwalimu, kwa kweli tunakuhitaji. Muhula ujao kuna Uhasibu wa Juu, hakuna wa kuufundisha. Wewe rudi tu, pesa zako zitatoka zote. Nakuahidi." Akanyoosha mkono.

Guleid aliutazama mkono ule. Wake mwenyewe aliuacha juu ya fimbo.

"Niandikie," alisema.

"Kuandika si kazi yangu, mwalimu. Hiyo ni ya makao makuu."

"Basi wakiandika, nitasoma."

Akaaga kwa salamu kamili, akatoka.

Chini ya mti wa langoni, Kowsar alikuwa akiongea kwa simu. Huko Liboi Nasteha alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake sauti ya baba ikiuliza kama kuna aliyekufa. Kowsar alicheka na kulia kwa pamoja. Alipokata simu, alimkuta Guleid anatafuta boda.

"Mwalimu, Mungu akulipe. Na nisamehe kwa ile bei."

"Bei hupanda na kushuka."

Furaha ilikuwa imempa ujasiri, na ujasiri ukampa swali. "Lakini lile swali la mali hai, la ng'ombe wa mfugaji na thamani yao mwisho wa mwaka. Nilifikiri nimelipata lote. Mbona ulinikata alama?"

"Ng'ombe uliwahesabu vizuri," Guleid alisema, macho yake barabarani. "Bei ya soko uliipata barabara. Lakini kanuni inasema kabla ya kuandika thamani, utoe kwanza gharama za kuuza. Wewe ukaandika bei nzima, kana kwamba ng'ombe wamejiuza wenyewe. Ujira wa dalali hukuutoa."

Kowsar alianza kucheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Boda ikasimama. Guleid akapanda na fimbo yake, akamwambia dereva ampeleke mnadani upesi, kabla wanunuzi wa Thika hawajaondoka.