Anayepaa Hatui

Maua ya msiba yalikuwa hayajanyauka Royce Hadley alipokuja bandani. Aliizunguka ndege nyekundu ya Mzee Orrin kama mtu anayenunua farasi, akasimama mbele ya namba saba iliyochorwa ubavuni.

"Ing'arishe vizuri hiyo, binti," akaniambia. "Kesho ni yangu."

Mimi si wa kujibu watu. Niliendelea kupaka nta.

Orrin Tackett alipigana vita vya Ujerumani akiwa angani, akarudi na sikio moja limeungua. Baada ya hapo, kila Septemba alishindana hapa Reno katika mbio za ndege za kuzunguka nguzo, akizikata kona chini kabisa hadi vumbi la jangwa likamfuata. Yeye ndiye aliyenifundisha kupapasa bati kwa kiganja, maana kiganja huona mchanga ambao jicho halioni. Aliniita Rubani wa Kitambaa.

Mwaka jana, kwenye nguzo ya mwisho, Royce alimpita kwa ndani, jambo lililokatazwa. Alichomeka bawa lake chini ya bawa la mzee, akamsukuma nje. Mzee alianguka vichakani, mgongo ukavunjika; ndege tuliitengeneza, yeye hakupona. Majira ya baridi yakamchukua. Royce akawaambia waandishi wa habari, "Macho yake yalishazeeka." Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Kwetu rubani akifa, wenzake hukusanyika na kushika pangaboi la ndege yake, kisha mjane anauliza nani anaitaka namba. Anayejibu wa kwanza, mkono ukiwa juu ya pangaboi, anapewa.

"Siwezi kumzuia Royce asishike," Mama Velda aliniambia jikoni kwake, akikata ukoko wa pai ya tufaha. "Kila rubani ana haki. Ataitembeza saba ya mume wangu kama kichwa cha mnyama aliyemwinda."

Nilitazama sakafu. "Mama, mpe yeye heshima ya kupaa."

Kisu kikasimama. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Darla, mwanangu! Kumbe wewe mpole una sumu!"

Kupaa ndiyo heshima yetu kubwa. Ndege nne hupita juu ya waombolezaji kwa safu, halafu moja inawaacha wenzake na kupanda peke yake mbinguni. Huyo ndiye marehemu. Royce hakuwahi kuhudhuria msiba wa rubani hata mmoja. Alisema misiba ina nuksi.

Asubuhi yake Mama Velda alimwambia mbele ya wote, "Nataka upae wewe, Royce."

Kifua kikamjaa. "Orrin angefurahi, mama."

Gus, mzee wa redio, alipaliwa na kahawa. Wengine wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyemwambia kitu.

Alipaa vizuri, siwezi kumnyima hilo. Watu walilia. Kisha ndege tatu zikatua, marubani wa ndege hizo wakaja bandani kushika pangaboi pamoja na wenzao. Redio ikakoroma.

"Gus, naomba kutua."

"Unaomba nini?"

"Kutua! Wewe kiziwi?"

"Royce, wewe leo ni Orrin," Gus akasema taratibu. "Marehemu hatui kwetu siku ya msiba wake. Nenda ng'ambo ya milima, urudi kesho."

"Upuuzi gani huo? Velda anagawa namba!"

"Ndiyo. Tunakuombea."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka puani. Mama Velda akainua uso. "Nani anaitaka saba?"

Mikono ilikuwa mingi juu ya pangaboi. Midomo yote ilifungwa.

"Mimi!" redio ikapiga kelele. "Velda, mimi! Naitaka mimi!"

Nilitoka kwenye kona yangu, nikazungusha kitufe mpaka sauti ikakatika.

"Hayupo," nikasema. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu.

"Basi namba inalala na mwenyewe," Mama Velda akasema, na hakuna aliyebisha.

Royce alituzunguka juu kwa hasira, akichoma mafuta, kisha akaelekea milimani. Nilikuwa nimeketi chini ya bawa la mzee na kipande changu cha pai. Nilikila polepole, hadi mlio wake ulipotoweka.